Upadre ni Wito, Lakini Pia ni "Profession"

Tumezoea kusikia kwamba upadre ni wito, si "profession". Anayesema hivyo ana nia njema: hataki padre awe kama mwajiriwa anayehesabu saa na mshahara. Hata hivyo, sisi tunaojiandaa kwa upadre tunaona neno hilo linaonewa.

Chimbuko lake ni kitenzi cha Kilatini "profiteri". "Fateri" ni kukiri, na "pro" hapa ni mbele, yaani hadharani. Warumi walikitumia pia kwa mtu aliyekwenda kujiandikisha kwa wakuu wa serikali. Ndiyo maana Vulgata, Biblia ya Kilatini, inakitumia katika Luka 2:5, Yosefu anapokwenda kuandikishwa pamoja na Maria.

Neno "profession" lilipoingia katika Kiingereza, karne ya 13, lilihusu nadhiri za watawa. Maana ya kazi ya kisomi ilizoeleka baadaye, kuanzia karne ya 16: mtu alitangaza kwamba anao ujuzi fulani. Sisi tunasema taaluma, neno lenye mzizi wa elimu. Neno la Kilatini halianzi na elimu. Linaanza na tamko mbele ya mashahidi.

Hapo ndipo penye uzito. Anayekiri moyoni tu hana wa kumuuliza. Anayetamka mbele za watu amewapa haki ya kumdai, maana ahadi ni deni. Kanisa linalijua hilo: kanuni ya 833 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inamtaka anayekaribia ushemasi aungame imani rasmi. Gombera wa seminari na walimu wa falsafa na teolojia nao wanatakiwa kufanya hivyo wanapoanza utume wao.

Kwa hiyo tusiogope upadre kuitwa "profession". Tuogope tamko lisilo na wa kulidai. Waamini wengi hunyamaza wanapoona maisha ya mseminari au padre hayalingani na alichotamka, wakidhani kuuliza ni kukosa adabu. Kuuliza kwa heshima na upendo ni kutusaidia. Nasi tutawauliza ninyi vilevile, kwa kuwa kila Dominika tunasimama pamoja na kusali Nasadiki kwa sauti, kila mmoja akiwa shahidi wa mwenzake.