Mji Uliomea Penye Miwa

Apitaye leo Ebène, kusini ya Port Louis, mji mkuu wa Morisi, huona maghorofa ya vioo, mabenki, na vijana waingiao kazini asubuhi na kutawanyika jioni. Karne hii ilipoanza, mahali hapo palikuwa shamba la miwa. Jina lenyewe ni la mpingo, mti ambao Waholanzi waliukata na kuusafirisha kwao. Nao ndio waliopeleka miwa kisiwani humo mwaka 1639.

Sisi wa visiwani hatuwezi kulitazama jambo hili kuwa ni la watu wa mbali. Miongoni mwa watumwa waliolima mashamba yale walikuwamo waliotoka mwambao wetu. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alitiliana mkataba na Sultani wa Kilwa ili apatiwe watumwa elfu moja kila mwaka. Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1835, fidia iliyozidi pauni milioni mbili walilipwa mabwana. Waliolima hawakulipwa hata senti, wala hawakugaiwa ardhi.

Basi ardhi ikabaki kwa wenye mashamba. Mwaka 2005 nchi za Ulaya zilipoamua kupunguza bei ya sukari kwa asilimia 36, wenye mashamba waliona kwamba kiwanja kina faida kuliko muwa. Viwanda vikafungwa kimoja baada ya kingine, hata sasa vimesalia vitatu. Tuseme haki: wafanyakazi waliostaafishwa chini ya mpango wa mwaka 2001 walipewa fedha pamoja na kiwanja. Hilo ni jema, na ni zaidi ya walilolipata babu zao. Lakini mpango wa miji mipya wa mwaka 2015 umefungua mlango mwingine: mgeni anunuaye nyumba ya dola 375,000 hupata na haki ya kuishi nchini. Mkata miwa gani atashindana naye?

Kwetu ardhi ilifanywa mali ya umma baada ya Mapinduzi ya 1964, na wakulima wakagaiwa eka tatu tatu. Tusijidanganye kwamba jambo limekwisha hapo. Nyingi za eka hizo zimekwisha katwa viwanja, minazi na mikarafuu imeangushwa, na nyumba zimeota pasipo barabara wala mtaro wa maji ya mvua. Hapakuhitajika bepari wa sukari. Tumefanya wenyewe, kwa hati za mkono, na baadhi ya viongozi wakitazama kando.

Tunawataka wahusika wa ardhi waseme hadharani ni eka zipi zitabaki za kilimo na zipi zitakuwa mitaa, na ramani zibandikwe katika ofisi ya kila sheha kabla mpima hajachimbia jiwe la kwanza.