Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Mtoto ameshapata nafuu, kanula ya nini?

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto, na ugonjwa ninaouandikia haujawahi kupata bango barabarani. Ni selulaitisi, maambukizi ya bakteria kwenye ngozi na nyama laini iliyo chini yake. Mtoto huanza na mkwaruzo, upele aliojikuna au kidonda cha funza. Mara mguu umevimba, una joto, haukanyagi. Vitabu vinataja wekundu, ambao kwenye ngozi nyeusi hujificha, kwa hiyo sisi tunaamini zaidi mkono unaopapasa. Maambukizi yakipenya nyuma ya jicho ni dharura: yanaweza kumpofusha mtoto, hata kufika kwenye ubongo.

Mwenye jicho au mguu wa namna hiyo alazwe, achomwe sindano. Kwa hilo sina ubishi. Ubishi wangu ni kuhusu kinachofuata kwa yule wa mguu. Siku ya tatu homa imeshuka, uvimbe umerudi ndani ya mstari tuliouchora kwa kalamu alipopokelewa, mtoto anakimbizana na wenzake koridoni, na bado ana kanula, mrija wa kupitishia dawa, mkononi kwa kuwa faili linasema sindano siku saba. Kwa kawaida tiba nzima ni siku 5 hadi 7, na mtoto aliyepata nafuu, anayekula na asiyetapika, anaweza kuimalizia kwa dawa ya kunywa.

Daktari si mkaidi. Anajua kwamba akiandika sefaleksini ya maji, mama ataambiwa dirishani kuwa haipo, akanunue nje, na hela hana. Basi anambakiza. Kisera mtoto wa chini ya miaka 5 anatibiwa bure, lakini nauli, chakula cha mama na watoto walioachwa kwa jirani hakuna anayevilipia. Tena kanula yenyewe ni tundu kwenye ngozi, na ikikaa mno nayo huleta usaha.

Lipo na la seftriaksoni, antibiotiki ya sindano. Wahusika wakuu wa selulaitisi ni stafilokokasi na streptokokasi, na kloksasilini huwaweza vizuri. Ila kloksasilini ya sindano inachomwa kila baada ya saa 6, na usiku muuguzi ni mmoja. Seftriaksoni ni mara moja kwa siku. Ndivyo dawa ambayo Shirika la Afya Duniani linataka itumike kwa uangalifu, kwa kuhofia usugu, inavyoziba pengo la watumishi.

Huko Melbourne, Australia, utafiti uliochapishwa mwaka 2019 uliwatibu baadhi ya watoto wenye selulaitisi nyumbani, muuguzi akiwafuata na sindano moja kwa siku (nao, nikiri, walitumia seftriaksoni hiyohiyo). Tiba ilishindwa kwa asilimia 2 ya hao, na asilimia 7 ya waliolazwa. Sikuombi muuguzi wa kwenda nyumba kwa nyumba. Naomba Bohari ya Dawa ihakikishe sefaleksini ya maji na kloksasilini hazikosekani hadi vituo vya afya, na wizara iwaandikie madaktari waziwazi lini sindano isimame.

Kama kikwazo ni fedha, gharama ya dawa hizo itajwe hadharani, na pembeni yake gharama ya kitanda kinachokaliwa na mtoto aliyestahili kuwa kwao.

Wako katika kazi,
Muuguzi, wodi ya watoto