Je, Lugha Isiyo na Uhusika Imepungukiwa?

Mwanafunzi wa Utemini, katika mji wa Singida, hutaja jina la mahali pake kila siku pasipo kufikiri kwamba amekwisha kutamka kanuni ya sarufi. Kwa umbo lake, jina hilo ni *utemi* lililoongezwa kiambishi *-ni* cha mahali, kama vile *nyumba* izaavyo *nyumbani*. Lakini mwanafunzi huyohuyo akiulizwa kama Kiswahili kina uhusika, yaani kubadili umbo la nomino ili ionyeshe kazi yake katika sentensi, hujibu kwamba hakina, na pengine hudhani kuwa kimepungukiwa. Dhana hiyo haina budi kusahihishwa, na Kiebrania ni kielelezo kizuri.

Lugha za kale za Kisemiti zilikuwa na uhusika wa namna tatu. Kiarabu sanifu kingali nao: *alwaladu* ni mvulana atendaye, *alwalada* ni mvulana atendwaye, *alwaladi* ni mvulana mwenye kitu. Utaratibu huo Waarabu huuita *i'rab*, na ndiko lilikotoka neno la Kiswahili *irabu*. Katika Kiebrania, irabu fupi za mwishoni zilidondoka zamani sana, na alama za uhusika zikatoweka pamoja nazo. Je, wasemaji walishindwa kuelewana? La hasha. Lugha ilijitafutia njia nyingine.

Njia ya kwanza ni neno *et*, ambalo hutangulia yambwa inayojulikana. *Hayeled kara sefer* ni "mtoto alisoma kitabu" chochote. *Hayeled kara et hasefer* ni "mtoto alikisoma kitabu" fulani. Kazi ifanywayo na *et*, Kiswahili huifanya kwa *-ki-* ndani ya kitenzi. Njia ya pili ni kuunganisha nomino: *bayit*, nyumba, hugeuka *bet*, na ndivyo lilivyopatikana jina Bethlehemu, "nyumba ya mkate". Kiswahili hutumia *ya*. Njia ya tatu ni kiishio *-a* cha uelekeo: *habayta*, "kwenda nyumbani". Hapo ndugu wa *-ni* ya Utemini anaonekana waziwazi, ingawa *-ni* ina mawanda mapana zaidi.

Wala si lazima alama ya uhusika iwe silabi. Katika Kimaasai kitenzi hutangulia, na toni ya nomino ndiyo imtambulishayo mtenda na mtendwa. Msikilizaji asiyezoea toni hudhani hakuna tofauti yoyote.

Wako wanaosema kwamba mwanafunzi wa sekondari amekwisha kulemewa na sarufi ya Kiswahili na ya Kiingereza, na kwamba kumtajia Kiebrania ni kumwongezea mzigo. Hoja hiyo ina uzito iwapo nia ni kukaririsha majina. Lakini sayansi ya lugha huanza kwa swali: msikilizaji hujuaje nani katenda na nani katendwa? Swali hilo halihitaji maabara. Darasani mna wasemaji wa Kinyaturu na Kinyiramba, na pengine Kidatoga. Kila mmoja anao ushahidi kinywani mwake.

Mwalimu akiliuliza, mwanafunzi atagundua kwamba lugha ya nyumbani kwake ina kanuni kamili kama lugha yoyote ya vitabuni. Asipoliuliza, kijana atahitimu akiamini kwamba sarufi ni mali ya wageni. Hasara hiyo ni kubwa kuliko alama zozote za mtihani.