NCHI ZA WENZETU: Gotland, Kisiwa Kilichoyafukuza Maji

Wako wengi wadhanio kwamba nchi zote za Ulaya zimejaa maji, na kwamba mkulima wa huko hana haja ya kutazama mawingu. Juma hili nataka kuwaonyesha wasomaji kisiwa kimoja cha Uswidi ambako mkulima huyatazama mawingu sana, tena ambako babu zake walijichosha kwa majembe miaka mingi ili kuyaondoa maji mashambani. Kisiwa hicho ni Gotland.

Gotland kimekaa katika Bahari ya Baltiki, mbali na bara la Uswidi kiasi cha maili 56, na meli ya abiria huchukua saa tatu na kitu kufika. Urefu wake, pamoja na kisiwa kidogo cha Fårö kilicho upande wa kaskazini, ni yapata maili 110, na upana wake mkubwa ni maili 32. Wenyeji ni 61,000 hivi. Mji ni mmoja tu, nao ni Visby, wenye watu kama 25,000. Waliobaki wamekaa mashambani na katika bandari ndogo ndogo.

Zamani kila parokia ilikuwa na baraza lake dogo, na parokia zenyewe zilipita tisini. Mwaka 1952 mabaraza hayo yaliunganishwa yakawa machache, na mwaka 1971 kisiwa kizima kikawekwa chini ya halmashauri moja. Jambo lisilo la kawaida ni kwamba halmashauri hiyo hufanya pia kazi ambazo mahali pengine katika Uswidi hufanywa na baraza la jimbo. Kwa hiyo shule ya kijiji, bomba la maji na hospitali kubwa ya Visby, vyote viko mikononi mwa madiwani 71 waliochaguliwa na raia. Karani asomaye haya pengine atataka kujua fedha zatoka wapi. Zatoka mfukoni mwa karani mwenziwe wa huko, ambaye hutoa kodi kwa halmashauri yake karibu theluthi moja ya mapato yake yanayotozwa kodi. Makato hayo ni makubwa, lakini hakuna adhaniye kwamba hospitali huota yenyewe kama uyoga.

Wenyeji wa Gotland tangu kale walikuwa wakulima na mabaharia kwa pamoja. Mtu alipanda shayiri yake, kisha akapakia mashua yake, akaenda kufanya biashara ng'ambo ya bahari mpaka katika nchi ya Warusi. Faida yao ilikuwa fedha, nao waliifukia ardhini. Mwaka 1999, katika shamba liitwalo Spillings, karibu na bandari ya Slite, yalifukuliwa mafungu ya fedha yenye uzito wa kilo 67, na ndani yake sarafu zaidi ya 14,000. Sarafu nyingi katika hizo zilikuwa dirhamu za Waarabu, zenye maandishi ya Kiarabu, ambazo zilipita mikono mingi njiani kabla ya kufika kwenye kisiwa hicho cha baridi. Hakuna hazina ya fedha ya wakati ule iliyopata kuonekana kubwa kuliko hiyo.

Utajiri huo ndio uliojenga makanisa 92 ya mawe ambayo yako hata leo, mengi yakiwa mashambani kabisa, na watu wakisali humo. Lakini mji wa Visby nao ulikua, ukajaa wafanyabiashara Wajerumani, ukajizungushia ukuta wa mawe wa urefu wa maili mbili na zaidi. Mgeni akiutazama ukuta ule hudhani kwamba ulijengwa kwa ajili ya maadui wa kutoka baharini tu. La, ulikuwa pia wa kuwazuia wakulima wenyewe wa kisiwa, maana mwaka 1288 mji na mashamba vilipigana vita. Hata mfalme wa Denmark, Valdemar Atterdag, alipoteremka na jeshi lake mwaka 1361, wakulima walikwenda kupambana naye mbele ya ukuta, na watu wa mjini wakayafunga malango. Wakulima waliokufa siku ile wakadiriwa kuwa 1,800. Mifupa iliyofukuliwa baadaye katika makaburi yao ya pamoja ilionyesha kwamba miongoni mwao walikuwamo wazee na vijana wadogo sana. Kisha mji ukajisalimisha. Kisiwa hakikurudi mikononi mwa Uswidi kwa mapatano ya kudumu mpaka mwaka 1645.

Nimeyataja hayo kwa sababu katika kisiwa hicho swali la nani atumie ardhi, na kwa faida ya nani, halikuanza jana. Sasa nirudi kwenye maji.

Ardhi ya Gotland ni mawe ya chokaa, yenye nyufa nyingi, na juu yake udongo mwembamba. Mvua ikinyesha, maji hupenya upesi au hukimbilia baharini. Zamani, hata hivyo, kisiwa kilikuwa na vinamasi vikubwa vilivyoyashika maji hayo, kama kile cha Martebo na kile cha Lina. Humo mlikuwa na ndege, samaki, na aina ya nyasi ndefu, ngumu, zenye kingo kali kama msumeno, ambazo watu walizikata ili kuezekea nyumba na mabanda.

Katika karne ya 19 watu wakaanza kuvitazama vinamasi kwa jicho jingine. Uswidi ilikuwa maskini, watu walikuwa wakiongezeka, na kati ya mwaka 1867 na 1869 ilipatwa na njaa mbaya, hata maelfu wakahamia Marekani. Mkulima aliyeona maelfu ya eka zimelala chini ya maji aliona mkate umelala chini ya maji. Basi mifereji ikachimbwa, kwanza kwa majembe na baadaye kwa mashine, serikali nayo ikasaidia kwa fedha, na kazi hiyo ikaendelea mpaka katika karne ya 20. Mwishowe karibu vinamasi vyote vikubwa vilikauka. Mashamba yaliyopatikana yalikuwa mazuri, yenye udongo mweusi, na humo wakastawisha ngano, shayiri, viazi na viazisukari. Kiwanda cha sukari kilifunguliwa pale Roma, katikati ya kisiwa, mwaka 1894, nacho kiliwapa wakulima soko la mazao yao zaidi ya miaka mia moja, mpaka kilipofungwa mwaka 1998.

Mimi siwezi kuwacheka wazee wale. Mtu mwenye njaa akiambiwa kwamba kinamasi chake kitawafaa wajukuu, atauliza wajukuu hao watazaliwa na nani ikiwa yeye atakufa leo. Lakini hesabu yao ilikuwa na upande wa pili ambao hawakuuona. Udongo wa kinamasi ukikaushwa hunywea na kupungua mwaka hata mwaka. Na maji ya masika, ambayo zamani yalikaa na kuteremka polepole katika nyufa za mawe mpaka kwenye visima, sasa hupita katika mifereji iliyonyoka, yakaingia baharini kabla ya kiangazi kufika.

Tena kiangazi ndiyo majira ambayo watu huwa wengi. Wageni huja kwa meli na ndege kwa malaki, kuoga baharini na kuutazama ukuta wa Visby, ambao pamoja na mji wa kale uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1995. Huja wanasiasa pia. Mwaka 1968 Olof Palme alisimama juu ya lori katika bustani ya Almedalen akahutubia watu, na kutokana na hotuba ile ukatokea mkutano wa kila mwaka ambao vyama vyote vya siasa vya nchi huuhudhuria. Wote hao wataka kunywa, kuoga na kufua, katika miezi ileile ambayo visima vimeshuka. Karibu na pwani kisima kikitekwa kupita kiasi huingiwa na maji ya chumvi, na kikiisha kuingiwa, si rahisi kurudi hali yake ya kwanza.

Kwa hiyo katika miaka ya karibuni halmashauri imetoa amri, karibu kila kiangazi, kwamba mtu asimwagilie bustani yake kwa maji ya bomba. Mwaka 2016 ilifungua mtambo wa kutoa chumvi katika maji ya bahari pale Herrvik, upande wa mashariki, na mwaka 2019 mwingine mkubwa zaidi pale Kvarnåkershamn, upande wa kusini magharibi. Wana bahati moja, nayo ni kwamba Baltiki si bahari ya chumvi kali kama bahari kuu, kwa hiyo kazi ya kuisafisha huhitaji nguvu kidogo kuliko mahali pengine. Hata hivyo maji ya mtambo ni ghali kuliko maji ya mvua, na mkulima hawezi kuyanywesha mashamba ya karoti.

Jambo lililowagawanya watu zaidi ni mawe. Pale Slite, karibu na shamba lile la fedha, kuna kiwanda cha saruji kilichofanya kazi zaidi ya miaka mia, na robo tatu hivi ya saruji ya Uswidi nzima ilikuwa ikitoka hapo. Chokaa yake huchimbwa kandokando ya kiwanda. Julai 2021 mahakama ya rufani ya ardhi na mazingira ilikataa kukiongezea ruhusa ya kuchimba, ikisema kwamba kampuni haikueleza vya kutosha madhara yatakayoyapata maji ya chini ya ardhi. Nchi nzima ikashtuka. Wajenzi wakasema kazi zitasimama, serikali ikafanya haraka kubadili sheria ili kutoa ruhusa ya muda, na wataalamu wa sheria wakalaumu kwamba si vizuri kubadili sheria kwa ajili ya kampuni moja. Desemba 2022 mahakama ikatoa ruhusa ya miaka minne. Katika Slite kwenyewe mtu aliweza kuwa na kaka aajiriwaye kiwandani na shangazi aogopeaye kisima chake, na wote wawili wakala meza moja.

Miaka tisa kabla ya hapo, yaani mwaka 2012, palikuwa na ugomvi mwingine katika msitu wa Ojnare, upande wa kaskazini, karibu na ziwa Bästeträsk lililo kubwa kuliko maziwa yote ya kisiwa. Kampuni ilitaka kufungua machimbo mapya ya chokaa. Vijana wakaenda kukaa msituni mbele ya mashine, na askari polisi wakaletwa kutoka bara. Machimbo hayo hayakufunguliwa.

Siku hizi, basi, wako wakulima wa Gotland ambao wamegeuza kazi ya babu zao. Huziba mfereji hapa, huchimba bwawa pale, ili maji ya masika yakae kidogo zaidi, na serikali ambayo zamani ilitoa fedha za kukausha sasa hutoa fedha za kulowesha. Katika rasi ya Storsudret, mwisho wa kusini, halmashauri pamoja na wataalamu wamefanya majaribio kuona kama mvua inyeshayo pale yaweza kutosha kwa wenyeji wa pale ikihifadhiwa vema. Kazi hii haiendi upesi. Mfereji mmoja hupita katika mashamba ya watu wengi, na anayetaka kuuziba juu lazima akubaliane na aliye chini, ambaye shamba lake la ngano halitaki kulowa. Vikao vya namna hiyo ni virefu, kama ajuavyo kila mtu aliyepata kukaa katika baraza la mpaka wa shamba.

Wako pia wasemao kwamba shida ya kisiwa ni watu kuliko maji. Zaidi ya robo ya wenyeji wamepita umri wa miaka 65. Vijana wengi wakimaliza shule huvuka bahari kwenda Stockholm kutafuta kazi, na nyumba waachazo hununuliwa na watu wa mjini wanaokuja majuma machache tu katika kiangazi. Jeshi lililoondolewa mwaka 2005 lilirudishwa, na mwaka 2018 kikosi cha kisiwa kikaanzishwa tena, jambo lililoleta familia kadhaa. Chuo kilichopo Visby nacho, ambacho tangu mwaka 2013 ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Uppsala, huleta wanafunzi. Lakini katika parokia nyingi taa zinazowaka usiku wa majira ya baridi ni chache.

Kondoo hawajapungukiwa na heshima. Picha ya kondoo dume imo katika ngao ya kisiwa, na wenyeji katika lugha yao huwaita kondoo wote wanakondoo, hata dume zee lenye pembe mbili za kupinda. Kondoo hao wengine hukaa nje majira yote, na kwa ajili yao hujengwa vibanda vya mawe vyenye mapaa marefu ya zile nyasi kali za vinamasi nilizozitaja. Mtu mmoja hawezi kuezeka paa kama hilo. Mwenye kibanda hukata nyasi zake, huziacha zikauke, kisha huwaita majirani siku moja. Wengine hupanda juu, wengine hurusha matita kutoka chini, na jioni mwenye nyumba huwalisha wote na kuwanywesha pombe ya nyumbani, iliyopikwa kwa kimea kilichokaushwa kwa moshi na kutiwa matawi ya mti wa jamii ya mtarakwa. Tatizo lao la sasa ni kuzipata nyasi zenyewe, kwa kuwa vinamasi vinavyoziotesha ni vichache, na aliye na kinamasi kilichobaki huombwa na wengi.