Kijiti cha wanja hakiazimwi

Sisi watu wa pwani hatuna haja ya kufunzwa kujipamba. Kabla maduka ya vipodozi hayajajaa mijini mwetu, bibi zetu walikuwa na liwa yao, hina yao, wanja, udi, mafuta ya nazi, na majani ya mkunazi ya kuoshea nywele. Vyote hivyo vilitengenezwa nyumbani, na aliyevitengeneza alijua vimetoka wapi. Mimi si miongoni mwa wale wanaosema kwamba vya kale ni ushamba na vya chupa ndivyo ustaarabu. Kasoro ninayoiona haimo katika liwa wala katika hina. Imo katika namna tunavyoazimana vitu hivi, na katika yale tuliyoyachanganya navyo siku hizi. Jambo hili halisemwi kwa sababu tunaoneana haya.

Tazama siku ya kumtia hina bibi harusi. Mikeka imetandikwa, udi wafuka, wasichana wamejaa ukumbi mzima. Hutolewa kichupa kimoja cha wanja na kijiti chake kimoja. Huyu hujipaka akamwachia mwenzake, naye akampa wa tatu, na kila mara kijiti hurudishwa ndani ya kichupa kuchota tena. Ikiwa mmoja wao ana ugonjwa wa macho ambao bado haujajitokeza, basi ameugawa kwa wote waliomfuata, na uliobakia ameuweka akiba ndani ya kichupa. Mwanzoni mwa mwaka 2024, macho mekundu yalipoenea Mombasa na kwingine huku pwani, watu walikatazana kupeana mikono na kutumia taulo moja. Hilo lilikuwa jema. Lakini sikumsikia hata mmoja akikitaja kijiti cha wanja, ambacho huingia ndani ya jicho lenyewe!

Nililieleza jambo hili mbele ya shangazi yangu mmoja, mtu mzima aliyewasinga maharusi wasio na idadi. Alinitazama akacheka.

"Mwanangu, sisi twatumia kijiti kimoja tangu zamani. Mbona hatukupofuka?"

"Shangazi, zamani mlikuwa wangapi mkekani?"

"Tulikuwa sisi wa nyumba hii, na majirani wawili watatu."

"Na juzi walikuwa wangapi?"

Hapo alinyamaza kidogo, akasema, "Wengine hata siwajui ni wa nani."

Hilo ndilo jibu lenyewe. Watu wa nyumba moja hula pamoja na huugua pamoja, na maradhi ya mmoja hayawi siri kwa wengine. Harusi za leo hukusanya watu wa Majengo, wa Kisauni, wa Malindi na wa Lamu, na wengine waliotoka Bara Arabu kwa ndege usiku uliopita. Ukarimu wa kumpa mgeni kahawa ni wetu, na Mungu atuzidishie. Lakini kikombe cha kahawa huoshwa kabla ya kupewa mwingine. Kijiti cha wanja ni nani umemwona akikiosha?

Nao wanja wenyewe una neno. Najua una nafasi yake katika Sunna, na ithmidi imetajwa. Lakini si kila unga mweusi unaouzwa dukani ni ithmidi. Wanja mwingi uliopimwa katika maabara za nchi mbalimbali umekutwa na madini ya risasi, na mwingine risasi hiyo ilipita nusu ya uzito wake. Mtu mzima anayejipaka siku ya Idi si sawa na mtoto mchanga anayepakwa machoni na kwenye nyusi kila siku baada ya kuogeshwa, kisha akajifikicha na kunyonya vidole. Risasi huharibu ubongo wa mtoto polepole, bila ya homa wala kilio, na madhara yake huonekana baadaye, mtoto akiwa mzito wa kusoma. Wanaompaka kwa kuogopa kijicho wanisamehe, lakini kinga ya mtoto iko katika dua.

Sasa nije kwenye piko, maana hapa ndipo moyo wangu unapouma. Hina ya kweli ni majani ya mhina yaliyokaushwa, yakapondwa, yakachekechwa, kisha yakakorogwa kwa maji ya ndimu au chai na kuachwa saa kadhaa. Hupakwa ikakaa muda mrefu, na wengi hulala nayo. Ikibanduliwa rangi yake ni ya machungwa, na huendelea kukolea siku ya pili na ya tatu mpaka ikawa hudhurungi iliyoiva. Haiwi nyeusi kama wino. Majani hayo hayana rangi nyeusi ndani yake.

Piko ni rangi ya nywele. Ndani yake mna dawa iitwayo parafenilenidiamini, ambayo ndiyo inayotia weusi ule wa haraka. Katika nchi za Umoja wa Ulaya imeruhusiwa kwa nywele tu, na inapopakwa haitakiwi kuzidi asilimia 2. Kuipaka kwenye ngozi kumekatazwa. Huku kwetu unga wa kopo huchanganywa kwa kukisia, ukachorwa maua kuanzia vidole mpaka kwenye kiwiko. Wengi hawaoni chochote mara ya kwanza, na hilo ndilo linalowadanganya. Mwili huweza kuikataa dawa hiyo kimyakimya, ukangojea. Safari ya pili au ya tatu, baada ya siku chache, ua lote huvimba, likawasha na kutoa malengelenge yaliyofuata mchoro ule ule. Mtoto wa dada yangu, msichana wa miaka tisa, alichorwa piko usiku wa kuamkia Idi. Siku ya tano mkono wake ulikuwa kama uliomwagikiwa maji ya moto. Sasa umepona, ila maua yamebakia meupe juu ya ngozi yake, na shuleni huvaa mikono mirefu hata wakati wa kaskazi.

Tena mambo hayaishii kwenye kovu. Aliyekwisha kukataliwa na dawa hii atabaki hivyo. Akija kuwa mtu mzima na kutaka kuficha mvi kwa rangi ya duka, uso waweza kuvimba hata macho yakafumba. Tangu mwaka 1983 madaktari wa Sudan, ambako wanawake wamezoea kuichanganya na hina, waliandika katika jarida la Lancet juu ya sumu ya dawa hii mwilini. Kuna waliovimba koo na kushindwa kupumua, na kuna walioharibika figo. Basi dada yangu, fundi akikuambia kwamba hina yake ni nyeusi na itakolea kwa nusu saa, mshukuru kisha uinuke mkekani. Na kama umekwisha kupakwa na ngozi ikaanza kuwasha, ioshe kwa maji mengi na sabuni, usitumbue malengelenge, nenda ukamwone daktari. Uso au koo likivimba usingoje asubuhi.

Hata hina safi ina mipaka yake. Watoto wachanga wasipakwe. Pwani hii ya malaria wako wengi waliozaliwa na upungufu wa kitu fulani cha damu kiitwacho G6PD, na wazazi wao hawajui. Hina ikipita kwenye ngozi laini ya mtoto wa namna hiyo huweza kuvunja damu yake, akageuka manjano na kuhitaji kuongezwa damu.

Vifaa vilivyobaki havina shida kubwa, ila uvivu wetu. Kitana hutolewa nywele, kikalowekwa katika maji ya moto yenye sabuni, kikasuguliwa kwa mswaki mkuukuu na kuanikwa. Mara moja kwa wiki yatosha. Dodoki lina hila zaidi, kwa kuwa watu huliacha bafuni limelowa, nalo likilowa kutwa huota uvundo, kisha ndilo tunalojisugulia uso! Litundikwe juani, na likianza kuwa jeusi litupwe, madodoki si adimu. Msio wa kusagia liwa una vitundu vitundu, na liwa ya wiki iliyopita hubaki humo ikachacha; uoshwe na kukaushwa kila baada ya kusaga, na liwa isagwe ya kutosha siku hiyo tu. Na nikiwa hapo kwenye liwa, wale wanaoongeza maji ya ndimu ili uso ung'ae wajue kwamba ndimu na jua havipatani. Ukitoka nje kabla hujaiosha vizuri, ngozi hubabuka na kuacha mabaka meusi kwa majuma mengi.

Wembe ndio unaotaka ukali. Dini yetu imetuhimiza kukata kucha, kupunguza masharubu na kuondoa nywele za mwili, na tumewekewa siku 40 zisipite. Wengi twalishika hilo, lakini katika nyumba nyingi mna wembe mmoja uliochomekwa dirishani mwa bafu, na kila mmoja huutumia akiamini kwamba ni wake. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi juu ya kitu kikavu kwa muda wa siku saba, na tone la damu lisiloonekana kwa macho lawatosha. Kuuosha wembe kwa maji ya bomba si kuusafisha. Kila mtu awe na wake. Waume zetu nao wasijione wamesalimika, wamwangalie kinyozi anapowachonga ndevu, kama amefungua wembe mpya mbele yao au ameupangusa wa jana kwa kitambaa. Mikasi na vikatio vya kucha hufaa kuchemshwa, au kufutwa kwa spiriti kila vinapotoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine.

Watasema nataka kuharibu raha za harusi. La hasha. Hina ipakwe, udi ufukizwe, bibi harusi asingwe mpaka mtaa mzima ujue. Ninaloomba ni kwamba mwenye shughuli amwagize fundi wa hina mapema, amwambie wazi kwamba piko haiingii nyumbani mwake, na amtake akoroge hina yake pale pale mbele ya watu. Wasichana nao waje kila mmoja na kichupa chake cha wanja mkobani, pamoja na kitana chake. Na aliyesahau kijiti achovye ncha ya pamba safi, ajipake mara moja, kisha aitupe. Shangazi yangu amekwisha kununua pakiti nzima ya pamba hizo kwa ajili ya harusi ya mfunguo mosi, ingawa bado asema kwamba nilimbishia.