Denti, acha kupika majibu!

Wiki hii naongea na madenti wa kidato cha kwanza hadi cha tatu, nyie mnaopiga msuli mpaka usiku wa manane. Kuna mchezo mmoja mnaupenda sana maabara: jaribio likigoma, unachungulia kitabu, unaandika jibu la kitabuni, tiki unapata. Huko ni kupika majibu, bwana, siyo sayansi!

Sikia kisa hiki. Mwaka 1963, Sekondari ya Magamba kule Lushoto, Erasto Mpemba wa kidato cha tatu alikuwa anatengeneza aiskrimu na wenzake. Kawaida maziwa yakishachemka yanaachwa yapoe kwanza. Jamaa akaona nafasi kwenye friji inakwisha, akaingiza yake ya moto vilevile. Kuja kuangalia, yake yameganda, ya mwenzake yaliyoingia ya baridi bado uji! Akamuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganya mambo.

Mwingine angeufyata. Yeye, alipokuwa Mkwawa, Iringa, akaja mgeni kutoka Chuo Kikuu Dar, Dk. Denis Osborne. Mpemba akanyoosha mkono: vyombo viwili sawa, maji kiasi kilekile, kimoja nyuzi 35, kingine nyuzi 100, kwa nini cha moto kinaganda kwanza? Darasa zima kicheko. Osborne akaenda kujaribu, na mwaka 1969 wawili hao wakatoa makala pamoja. Leo dunia inaliita jambo hilo kwa jina la Mpemba.

Sasa litazame swali lenyewe. Vyombo sawa, maji sawa, tofauti ni joto tu. Utafiti ndiyo huo: badili kitu kimoja, vingine viache, rudia, andika ulichokiona.

Wataalamu bado wanabishana. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walipima, hawakuona maji ya moto yakiwahi kupoa kuliko ya baridi, wakasema hata kipimajoto kikikaa juu au chini kidogo kinaweza kukudanganya. Lakini wao walibisha kwa kupima, siyo kwa kucheka.

Maksi ni dili, sikatai. Ila ukipika majibu, ticha atajuaje usichoelewa? Mtihani ukigeuza swali kidogo tu, umekwisha. Jaribio likigoma, andika lilivyogoma, halafu nyoosha mkono. Wakicheka, waache wacheke.

Haya, tukutane wiki ijayo!