Maktaba Hujengwa kwa Michango, Hudumu kwa Wakfu



Katika kisiwa chetu cha Unguja si taabu kuuona msikiti uliosimamishwa kwa michango ya waumini, wala kisima kilichochimbwa kwa sadaka ya mtu aliyekwishatangulia mbele ya haki. Tukiombwa saruji ya msikiti, tunatoa. Tukiombwa pampu ya kisima, tunatoa. Lakini tukiombwa kuchangia maktaba ya mji, wengi wetu hunyamaza, kana kwamba kitabu ni starehe ya wachache na si haja ya mtoto wa kila nyumba.

Haja hiyo ipo. Mji wa Zanzibar unayo Maktaba Kuu pale Maisara, chini ya Shirika la Huduma za Maktaba, na unazo Nyaraka za Taifa pale Kilimani, zilizohifadhi maandishi ya mikono ya wanazuoni wetu. Lakini mtoto wa Makunduchi au wa Nungwi yuko zaidi ya kilomita 50 kutoka hapo. Asipokuwa na maktaba karibu, kitabu kimoja humgharimu nauli ya kwenda na kurudi na siku nzima ya mapumziko. Na dada yake, ambaye wazazi hawamruhusu safari hiyo peke yake, hakisomi kabisa.

Basi mji mdogo unapoazimia kuchangisha fedha za maktaba, ni wajibu wetu kuunga mkono. Ila lipo jambo moja linalosahauliwa siku ya harambee: fedha za kuta huisha kuta zinapokamilika. Baada ya hapo kuna mshahara wa mkutubi, umeme, vitabu vipya mahali pa vilivyochakaa, na paa linalovuja wakati wa masika. Maktaba isiyo na pato la kudumu hufunguliwa kwa shangwe, kisha hufungwa kimya kimya. Utepe hukatwa mbele ya wageni. Kufuli hutiwa bila ya shahidi.

Dini yetu haikutuacha bila ya njia. Sayyidna Umar (r.a.) alipopata ardhi Khaybar, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza aizuie asili yake na ayatoe sadaka mazao yake, ikawa ardhi hiyo haiuzwi, haitolewi zawadi wala hairithiwi. Hiyo ndiyo maana ya wakfu. Wazee wetu wa Mji Mkongwe waliifahamu vyema. Waliweka wakfu nyumba na maduka ili kodi yake itunze misikiti na iwafae wahitaji, na hadi leo ipo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inayosimamia mali za namna hiyo. Jirani zetu wa Lamu wametuachia mfano ulio karibu zaidi na maudhui yetu: katika hazina ya vitabu ya Msikiti wa Riyadha vimo vitabu vyenye maandishi yanayoeleza kwamba ni wakfu. Aliyekitoa kitabu aliondoka duniani, na kitabu kikabaki mikononi mwa wanaosoma.

Kwa hiyo rai yetu ni hii: kabla ya kuwekwa jiwe la msingi, mji ujiulize ni duka gani, nyumba gani ya kupangisha au shamba gani la minazi litakaloilisha maktaba hii. Harambee na igawe fungu lake tangu mwanzo: sehemu ya kuta, sehemu ya vitabu, na sehemu ya kununua mali itakayozaa. Wala hatusemi jambo lisilowezekana. Nyumba 200 zikitoa shilingi 500 kila wiki, kwa mwaka ni shilingi 5,200,000. Akina mama wanaocheza upatu wanaweza kuitengea maktaba zamu moja katika mzunguko wao. Na jamaa zetu walioko Maskati, Dubai na London, ambao hutuma fedha za harusi na maziko, waombwe pia fedha za elimu.

Yapo mambo ya kisheria yanayotaka hadhari. Zaka ina watu wake wanane waliotajwa katika Sura At-Tawba, na wanazuoni wamekhitalifiana kama inaweza kujengea mambo kama haya. Lililo salama ni kuwaachia masikini haki yao na kuijenga maktaba kwa sadaka. Tena, kauli iliyo mashuhuri katika madhehebu yetu ya Shafii haikubali wakfu wa fedha taslimu, kwa kuwa fedha hutoweka zinapotumika. Michango basi inunue kwanza mali yenye kubaki, kisha mali hiyo ndiyo iwekwe wakfu, mbele ya mashahidi na kwa maandishi.

Maandishi hayo yasiwe mafupi. Mji Mkongwe umetufunza pia upande wa uchungu: zimekuwapo nyumba za wakfu ambazo kodi yake ilibaki ndogo mno kwa miaka mingi, hata haikutosha kuzitengeneza, zikachakaa na nyingine zikaanguka. Hati na iseme kwamba kodi itaangaliwa upya kila baada ya muda, na kwamba pato la kwanza ni la kuitengeneza mali yenyewe. Iseme hesabu zitasomwa hadharani kila mwaka. Iseme maktaba iko wazi kwa kila mkaazi, Muislamu na asiyekuwa Muislamu, na kwamba wasichana watakuwa na nafasi na saa zinazowafaa baada ya skuli na chuoni.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba mwanaadamu akifa amali zake hukatika, isipokuwa mambo matatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha, na mtoto mwema anayemuombea. Maktaba yenye wakfu hukusanya mawili ya mwanzo chini ya paa moja. Na huenda yule binti anayesoma ndani yake, asiyetujua kwa sura wala kwa jina, akatukumbuka katika dua zake.

Tunamuomba Allah aikunjue mikono yetu, na azihifadhi amana tutakazoziacha. Wabillahi tawfiq.